Jinsi ya kupima kwenye mizani ya maabara upate namba ya kuaminika

Watu wengi wakiona mizani ya lab imeandika 12.4837 wanaamini papo hapo, si imetoa namba nne baada ya nukta, nani wa kubishana nayo. Kumbe ile namba ya mwisho, na mara nyingine mbili za mwisho, zinaweza kuwa ni upepo wa mlango, joto la mkono wako, au umemetuli (umeme unaobaki juu ya kitu kikisuguliwa) wa kile kichupa cha plastiki. Mizani yenyewe siku hizi haina shida sana, shida iko kwenye kile ulichoweka juu yake na hewa inayoizunguka. Kwa hiyo sitakaa sana kwenye vitufe maana vitufe utavizoea kwa dakika tano tu, nitakaa zaidi kwenye namna ya kujua kama namba unayoiona ni ya kitu chako kweli au imeingiliwa na kitu kingine.

Anza na kuchagua mizani. Hapa watu wanakosea kabla hata hawajawasha umeme. Mizani za maabara zinatofautiana kwa ile hatua ndogo kabisa zinayoweza kuonyesha. Ile ya mihimili mitatu inayotumika sana mashuleni inasoma mpaka gramu 0.1. Zile za umeme zenye sahani ya wazi juu zinasoma 0.1 au 0.01, na zingine 0.001, hizi za 0.001 mara nyingi zinakuja na kikinga upepo kidogo. Halafu kuna mizani ya analitika, ile yenye kibanda cha vioo na milango ya kusukuma, inasoma 0.0001 yaani sehemu moja ya kumi ya miligramu, na nyingi mwisho wake wa kubeba ni kama gramu 200 hivi. Juu ya hapo kuna za maikro ambazo zinasoma mpaka gramu 0.000001, hizo zina vyumba vyao na watu wao, tuziache.

Sasa kama unataka gramu 250 za chumvi utengeneze mchanganyiko wa kawaida, usiende kuikalia mizani ya analitika, kwanza inaweza isibebe, pili unaichafua bure. Na kinyume chake pia, ukitaka miligramu 20 za kitu usiende kwenye mizani inayosoma 0.01, maana hapo itakuandikia 0.02 na ile 2 inaweza kuwa kweli ni kuanzia 0.015 mpaka 0.025, yaani robo nzima ya kitu chako huijui iko wapi.

Swali linalokuja ni je mizani yangu inaweza kupima kiasi kidogo mpaka wapi? Famakopia ya Marekani, kile kitabu cha viwango vya dawa, ina kanuni nzuri ya hili na hata kama hufanyi kazi ya dawa inakusaidia. Unachukua jiwe moja la mizani, unalipima mara 10 au zaidi, unatafuta ule mchepuko wa majibu yako, yaani yanavyotawanyika kuzunguka wastani wake, unauzidisha kwa 2, halafu ukigawanya kwa uzito mdogo kabisa unaotaka kupima jibu lisizidi asilimia 0.10. Na kama mchepuko wako umetoka mdogo sana, chini ya 0.41 ya hatua ya mizani, unaambiwa utumie hiyo 0.41 badala yake. Ukipiga hesabu inatoka kwamba hata mizani iwe nzuri namna gani haishuki chini ya hatua 820. Kwa mizani ya 0.0001 hiyo ni gramu 0.082, miligramu 82. Mtu anayepima miligramu 5 kwenye mizani hiyo anapata namba, ndiyo, lakini sio namba ya kazi inayodai usahihi huo. Kama huna mizani nzuri zaidi basi pima kiasi kikubwa utengeneze mchanganyiko mzito halafu ndio uupunguze makali kwa kuongeza maji, ni njia ya zamani na bado inafanya kazi.

Usisahau na ule upande wa juu. Ukiweka bika ya gramu 150 kwenye mizani ya 200 ukabonyeza kitufe cha TARE skrini inaandika 0.0000 na unaona kama uko mwanzo, kumbe umebakiwa na gramu 50 tu, mizani bado imeibeba ile bika hata kama haikwambii.

Mahali pa kuiweka

Meza nzito isiyotikisika, ya jiwe ikiwezekana, na isiwe meza ambayo watu wanaegemea kuandika au ambayo juu yake kuna mashine ya kuzungusha sampo. Pembeni ya chumba ni bora kuliko katikati kwa sababu sakafu katikati inanesa zaidi watu wakipita. Mbali na mlango, mbali na dirisha lenye jua, mbali na feni na usiiweke chini ya kiyoyozi hata siku moja. Jua ni baya kuliko watu wanavyodhani, likiipiga mizani upande mmoja sehemu zake za ndani zinapata joto tofauti na namba inaanza kutembea taratibu asubuhi mpaka mchana na huoni sababu maana hewa imetulia kabisa.

Ukishaiweka, angalia ile pimamaji, kale kaduara kenye kiputo. Kiputo kiwe katikati ya duara, kama hakipo zungusha miguu ya mizani mpaka kikae. Hili liangalie kila siku kabla ya kuanza, inachukua sekunde mbili. Mizani ikiinama sehemu tu ya uzito ndio inashuka wima kwenye sahani kwa hiyo inasoma pungufu. Kuinama kidogo hakuonekani kwa macho lakini kwenye namba ya nne kunaonekana vizuri tu.

Kuiwasha na kuihakiki

Mizani ya analitika haitaki kuwashwa na kutumiwa hapo hapo. Iache ipate joto lake, nusu saa mpaka saa nzima, na kitabu cha mizani yako kitakwambia muda wake hasa. Ndio maana lab nyingi haziichomoi kabisa kwenye umeme, wanazima skrini tu, ndani inabaki na joto lile lile siku zote. Ukikuta imechomolewa usiku mzima chomeka kafanye kazi nyingine kwanza.

Hapa inabidi nieleze inavyofanya kazi ndani, kwa sababu ukiielewa sehemu hii mengine yote yanakuwa rahisi. Mizani nyingi za umeme za analitika zina koili, waya uliozungushwa, iliyo ndani ya sumaku. Ukiweka kitu, sahani inataka kushuka, sensa inaliona hilo, mizani inaongeza umeme kwenye koili mpaka sahani irudi pale pale ilipokuwa, na kiasi cha umeme kilichohitajika kufanya hivyo ndicho kinageuzwa kuwa gramu. Kwa hiyo kiukweli mizani haijui kitu chako kina gramu ngapi, inajua kinasukuma chini kwa nguvu kiasi gani. Chochote kinachosukuma au kinachonyanyua sahani, iwe upepo, sumaku, umemetuli, hewa ya moto inayopanda, vyote kwake ni gramu tu. Haibagui.

Na kwa sababu inapima nguvu, inategemea na mvutano wa dunia mahali ulipo. Mvutano huo ni kama mita 9.78 kwa sekunde mraba kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha za dunia, kwa hiyo mizani iliyowekwa sawa ikweta ukiipeleka ncha ya kaskazini bila kuigusa, kitu cha gramu 100 kitasoma zaidi ya 100.5. Sawa hakuna mtu anasafiri na mizani hivyo, lakini hata kuihamisha ghorofa kunaonekana, ukiipandisha mita 10 juu kitu cha gramu 200 kinapungua karibu miligramu 0.6, hiyo ni hatua sita za mizani ya analitika. Ndio maana kila ukihamisha mizani lazima uirekebishe upya pale ilipo.

Kurekebisha na kuhakiki ni kazi mbili na watu wanazichanganya. Kurekebisha ni ile unayobonyeza kitufe cha CAL, mizani inashusha jiwe lake la ndani au inakuomba uweke jiwe la nje, halafu inajisahihisha yenyewe. Kuhakiki ni wewe kuweka jiwe unalolijua uzito wake na kuangalia mizani inasema nini, bila kubadilisha kitu. Fanya zote, lakini hakiki ndio inayokupa ushahidi. Mizani yenye jiwe la ndani inaweza kujirekebisha kila siku vizuri kabisa kumbe kuna kitu kimenasa chini ya sahani, wewe ukiweka jiwe la nje ndio utagundua.

Mawe ya mizani yana madaraja, yamepangwa na shirika la kimataifa la OIML, kuanzia E1 ambalo ni la juu kabisa, E2, F1, F2, M1, M2, mpaka M3. Jiwe la gramu 100 la daraja E2 linaruhusiwa kukosea miligramu 0.16 tu, la F1 ni 0.5, la F2 ni 1.6 na la M1 ni 5. Sasa fikiria unahakiki mizani inayosoma miligramu 0.1 kwa jiwe la M1, mizani ikisema 100.0032 utamlaumu nani, mizani au jiwe? Kwa analitika tumia E2, au F1 lenye cheti kinachotaja uzito wake halisi. Na usilishike kwa vidole, hata mara moja tu, mafuta ya ngozi yanabaki juu yake na yanavuta vumbi, tumia kibano chenye ncha laini au glavu na ulirudishe kwenye kisanduku chake. Jiwe likianguka sakafuni sio jiwe la kuhakikia tena mpaka lipelekwe likapimwe upya.

Jibu la hakiki liandike kwenye daftari la mizani kila siku, tarehe, jiwe gani, imesoma ngapi, nani amepima. Mtu akiangalia mwezi mzima anaona kabisa kama mizani inaelekea upande mmoja taratibu, kitu ambacho huwezi kukiona kwa namba ya siku moja.

Kupima chenyewe

Fungua mlango mmoja tu wa kibanda, ule wa upande wa mkono unaotumia. Weka chombo katikati ya sahani, funga, subiri ile alama ya kutulia itokee, bonyeza TARE, subiri zero ikae. Fungua, ongeza kitu chako kwa spachula kidogo kidogo, na njia nzuri ni kugongesha kidole taratibu kwenye mpini wa spachula ili unga udondoke wenyewe badala ya kuumwaga. Ukikaribia kiasi unachotaka funga mlango uangalie, usisome namba mlango ukiwa wazi hata kama imetulia. Halafu ndio usome na kuandika.

Ukizidisha, usirudishe kwenye chupa ya dawa, yaani ile kemikali unayopima. Kilichotoka kimetoka. Na usimwage chochote moja kwa moja juu ya sahani, hata kama ni kitu kikavu na kisafi, tumia karatasi ya kupimia, kisahani cha kupimia au kichupa. Chombo kiwe kidogo kadri inavyowezekana, chombo kikubwa kinashika hewa nyingi na unyevu mwingi kwenye kuta zake na kinakula nafasi ya mizani.

Katikati ya sahani nimesema kwa makusudi. Mizani nyingi zinasoma tofauti kidogo ukiweka kitu pembeni, na unaweza kujaribu mwenyewe, chukua jiwe la kama theluthi moja ya uwezo wa mizani uliweke katikati halafu kwenye pembe nne moja moja uone zinatofautiana kiasi gani. Kama tofauti ni kubwa kuliko kile kitabu cha mizani kinachoruhusu basi fundi aitwe, hiyo sio ya kurekebishwa na CAL.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi pale kitu kinatakiwa kuhamishwa kwenye chombo kingine, yaani kupima kwa tofauti. Unapima kichupa kikiwa na dawa, unaandika. Unamimina kiasi kwenye flaski yako, unapima tena kile kichupa na kilichobaki ndani, unaandika. Ukitoa, tofauti ndio kilichoingia kwenye flaski. Uzuri wake ni kwamba unga uliong'ang'ania kwenye kichupa haukusumbui, umepimwa mara zote mbili, wakati kwenye njia ya TARE ukishahamisha dawa kutoka kwenye karatasi hujui kiasi gani kimebaki kimeshika karatasi. Pia kichupa kina kifuniko, kwa hiyo vitu vinavyonyonya unyevu havikai wazi. Ubaya wake ni kwamba huwezi kupata gramu 0.5000 kamili, utapata 0.4873 au 0.5119, ila hilo sio tatizo hata kidogo, andika ulichopata na utumie hicho kwenye hesabu. Kuna watu wanakaa dakika kumi wanahangaika kufikisha zero tatu kamili na muda wote huo dawa inakunywa hewa.

Namba ikianza kutembea

Hapa ndio penyewe. Mizani imekaa vizuri, imehakikiwa, lakini ukiweka kitu chako namba haitulii, au inatulia kila mara mahali tofauti. Usibonyeze CAL kwa hasira. Angalia namna inavyotembea maana kila tatizo lina mwendo wake.

Ikiwa inaruka juu chini kuzunguka namba ile ile, mara 8, mara 1, inarudi 9, huo ni upepo au mtikisiko. Ondoa kitu sahani ibaki tupu, kama inaendelea kuruka basi kosa liko chumbani na sio kwenye kitu chako. Zima feni, angalia kama milango ya kibanda imefunga kweli, ule wa juu ndio unasahaulika, angalia kama kuna mtu anaegemea meza.

Ikiwa inapanda pole pole upande mmoja bila kusimama, kitu chako kinanyonya unyevu. Vijiwe vya sodiamu hidroksaidi ni mfano mzuri, ukiviacha wazi vinalowa machoni pako. Ikiwa inashuka pole pole bila kusimama, kuna kitu kinayeyukia hewani, ethanoli na asetoni zinafanya hivi, na hata maji kwenye bika pana yanafanya. Kujua kwa uhakika ni rahisi, funika chombo, kama namba imesimama basi jibu umepata na dawa yake ni hiyo hiyo, pima kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko.

Ikiwa inapanda kwa kasi mwanzoni halafu kasi inapungua mpaka inasimama, kitu kilikuwa cha moto. Kitu cha moto kinapasha hewa inayokizunguka, hewa inapanda juu, inanyanyua sahani kidogo, kwa hiyo kinasoma chepesi kuliko kilivyo na namba inapanda kadri kinavyopoa. Cha baridi ni kinyume, hewa inashuka inakandamiza na kinasoma kizito, tena kinaweza kushika matone ya unyevu juu yake ambayo nayo yana uzito wake kweli kweli, hapo namba inaweza kupanda kwanza halafu ikashuka. Tofauti inayoleta shida haihitaji kuwa kubwa, flaski uliyoishika mkononi dakika moja inatosha kuharibu namba ya nne. Ndio maana watu wanashika kwa koleo au kwa ukanda wa karatasi, na ndio maana usiingize mkono ndani ya kibanda kwa muda mrefu.

Kwa vitu vilivyotoka kwenye oveni tumia desiketa, lile jungu la kioo lenye silika jeli chini, zile chembe zinazonyonya unyevu. Kitu kinapoa mle ndani bila kupata unyevu, nusu saa kwa krusibo (kikombe cha kuchomea) ndogo, zaidi kwa vitu vikubwa. Angalia rangi ya silika jeli, ile ya bluu ikigeuka pinki imelowa, ile ya rangi ya chungwa mara nyingi inageuka kijani, zote unazirudisha oveni zikauke. Nimeona desiketa zenye jeli ya pinki tupu na watu wanaendelea kuzitumia kwa imani, hapo unapooza kitu kwenye sanduku la hewa ya kawaida tu. Na kama kazi yako ni kukausha mpaka uzito usibadilike, basi kausha, pooza, pima, rudisha oveni, pooza tena muda ule ule, pima tena, mpaka majibu mawili yanayofuatana yakaribiane kwa kiwango ambacho njia yako inataka. Kupima mara moja na kusema kimekauka ni kubahatisha.

Ikiwa namba inaruka mahali pa ajabu, hairudii, ukifungua mlango inabadilika, ukisogeza mkono inabadilika, unga wenyewe unarukia kwenye ukuta wa kichupa kama umetumwa, huo ni umemetuli. Unatokea zaidi hewa ikiwa kavu, unyevu wa chumba ukishuka chini ya asilimia 40 tegemea usumbufu, na vyombo vya plastiki ndio vibaya zaidi, kioo kinafuata. Chaji iliyopo kwenye chombo inavutana au inasukumana na kuta za kibanda na ile nguvu mizani inaihesabu kama uzito, inaweza kuwa miligramu kadhaa kabisa. Dawa yake, tumia chombo cha chuma, au weka chombo chako ndani ya kishikio cha chuma kilichogusa sahani, ongeza unyevu wa chumba ufike kwenye 45 mpaka 60, usifute kichupa kwa kitambaa kikavu dakika moja kabla ya kupima maana kusugua ndio kunakotengeneza chaji, na lab zenye uwezo zina kifaa cha ayoni ambacho unapitisha chombo mbele yake chaji inaisha. Glavu nazo zinachangia, hasa ukizisugua sugua.

Sumaku ni tofauti, yenyewe ina ujanja mbaya kwa sababu namba inatulia vizuri kabisa na inarudia. Unapima kijiti cha sumaku cha kukorogea, au kipande cha chuma kilichopata sumaku, na mizani inatoa jibu safi ambalo ni la uongo, kwa sababu kinavutana na sehemu za chuma zilizo chini ya sahani na pengine na ile sumaku ya mizani yenyewe. Namna ya kukigundua ni kukigeuza, kilaze upande mwingine au kigeuze juu chini upime tena, kama jibu limebadilika hiyo ni sumaku. Kinyanyue kwa kukiweka juu ya kikombe cha kioo au kipande cha alumini kilichoshatolewa kwa TARE, umbali ukiongezeka nguvu ya sumaku inapungua haraka sana. Mizani nyingi pia zina ndoano chini kwa ajili ya kuning'iniza kitu mbali na mashine.

Na ikiwa tatizo ni kwamba ukitoa kitu zero hairudi, kwanza angalia kama kuna unga umedondoka kwenye sahani au chini yake, halafu pimamaji, halafu kama mizani imepata joto lake. Mara nyingi ni lile la kwanza.

Hewa nayo inabeba

Hili ni la wale wanaotaka usahihi mkubwa, wengine ruka tu. Kila kitu kilicho ndani ya hewa kinanyanyuliwa kidogo na hewa yenyewe, kwa uzito wa hewa iliyosogezwa, na hewa ina kama kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo. Mizani imewekwa sawa kwa mawe ya chuma yanayohesabiwa kuwa na densiti ya kilo 8000 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kitu chenye densiti kama hiyo hakina shida, ila kitu chepesi chenye ujazo mkubwa kinasoma pungufu. Maji yakisoma 100.000 uzito wake kamili ni kama 100.105, tofauti ya asilimia 0.1. Kwa kutengeneza mchanganyiko wa kawaida hulihitaji hilo, lakini ukiwa unahakiki pipeti au flaski kwa kupima maji yake ukiliacha utasema pipeti ni mbovu wakati haina kosa.

Ya mihimili mitatu

Hii haina umeme na wengi wanaidharau, ila kwa kazi ya gramu 0.1 inafanya vizuri, na kwa kuwa inalinganisha kitu chako na vile vipande vyake vya kuteleza, haijali mvutano wa dunia ni kiasi gani, pande zote mbili zinavutwa sawa. Sukuma vipande vyote vitatu mpaka zero, angalia kama mshale unakaa kwenye mstari, kama haukai zungusha ile skrubu iliyo chini ya sahani au nyuma yake. Weka kitu. Anza na kipande kikubwa cha mamia, kisogeze alama moja moja mpaka mhimili uzidiwe, kirudishe alama moja nyuma, kihakikishe kimeingia kwenye mfereji wake, kisipoingia kitadanganya kwa gramu kadhaa. Fanya hivyo kwa cha makumi, halafu kile kidogo kisogeze taratibu mpaka mshale ukae sawa. Jicho liwe usawa wa mstari, ukiangalia kutoka juu au pembeni unasoma kitu kingine. Ya kawaida inabeba mpaka gramu 610, na nyingi hazina TARE kwa hiyo chombo unakipima peke yake unakitoa kwenye hesabu.

Kuandika na kusafisha

Andika namba zote zilizoonyeshwa, hata zero za mwisho. 12.5 na 12.5000 sio kitu kimoja, ya pili inasema umepima mpaka sehemu ya kumi ya miligramu na ya kwanza inasema umeishia sehemu ya kumi ya gramu tu. Andika moja kwa moja kwenye daftari, sio kwenye kikaratasi au kiganjani eti utahamisha baadaye, na usiandikie juu ya meza ya mizani.

Ukimaliza toa kila kitu, funga milango. Unga uliomwagika uzoe kwa brashi laini, halafu toa sahani uifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi kidogo, ikauke ndio irudi. Usipulize kwa mdomo, na ile hewa ya kopo au ya kompresa ndio mbaya zaidi kwa sababu inasukuma unga uingie kule chini kwenye koili ambako wewe hufiki. Kimiminika kikimwagika zima kwanza na uchomoe, halafu ndio ufute. Na kama kimeingia ndani usijaribu kuifungua mwenyewe, bandika karatasi iandikwe ISITUMIKE na uite fundi, mwingine asije akapima nayo asubuhi bila kujua.